Jeevanjee alianzia kwetu Mombasa, akagonga mwamba kwenye ardhi ya bara

Hapa Thika ninakofanya kazi, ukilitaja jina la Jeevanjee watu watakuelekeza Nairobi, kwenye ile bustani ya katikati ya mji ambako wahubiri hupaza sauti saa za mchana na wasio na kazi hujilaza kwenye nyasi. Kwamba Jeevanjee alikuwa mtu, tena Muislamu, tena mtu aliyeanzia maisha yake ya Afrika Mombasa, wengi hawajui. Na sina hakika kama sisi Wapwani tunamjua zaidi. Tunamjua Ronald Ngala, tunamjua Shariff Nassir, na hapo huwa tumefika.

Nimeona niandike habari zake nikiwa huku bara kwa sababu vita vikubwa vya maisha yake vilikuwa juu ya ardhi kama hii ninayoipita kila asubuhi kati ya Ruiru na Thika. Mashamba ya kahawa, ya mkonge, na siku hizi ya mananasi. Nani aliruhusiwa kuyamiliki, nani alikatazwa, na nani hakuulizwa kabisa. Maisha ya Jeevanjee yanapita katikati ya maswali hayo, na kusema kweli si kila jibu lake litatufurahisha.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856 katika familia ya Mabohora. Wakati huo hakukuwa na nchi iitwayo Pakistan. Nchi hiyo ilizaliwa 1947, miaka 11 baada ya yeye kufariki, na ndiyo maana kila kitabu kinamwita Mhindi. Shule hakusoma sana. Biashara ndiyo iliyomfundisha, akizunguka Bara Hindi, kisha mwaka 1886 akavuka bahari hadi Adelaide, Australia, kuuza bidhaa za Mashariki. Mwaka 1890 akateremka Mombasa na kufungua tawi la kampuni yake.

Alifika wakati mzuri kwa mtu wa tamaa. Mombasa ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza, IBEA, iliyokuwa imekodishiwa ukanda wa pwani na Sultani wa Zanzibar. Kampuni ilihitaji watu, chakula na vifaa, na Jeevanjee alijua pa kuvipata vyote. Serikali ya Uingereza ilipochukua nchi mwaka 1895 na kuanza reli mwaka uliofuata, naye akapanda pamoja nayo. Alikuwa miongoni mwa wakandarasi walioleta vibarua kutoka Punjab, wakipandia meli Karachi mjini kwake, na alilisha kambi za reli, akavunja mawe na kujenga.

Habari za simba wa Tsavo kila mtoto wa shule anazijua. Hesabu za watu hazisimuliwi sana. Walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli walikuwa karibu 32,000. Takriban 2,500 walikufa hapa, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa simba. Kama 6,700 walibaki mikataba ilipokwisha. Reli iliingia Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901, na Jeevanjee akatoka kwenye kazi hiyo akiwa tajiri mkubwa. Ni haki kusema kwamba utajiri huo ulipita mabegani mwa watu ambao majina yao hayako kwenye bustani yoyote.

Nairobi ilipoanza kuwa mji, yeye alikuwa mmoja wa waliouinua kutoka kwenye tope. Alijenga ofisi za serikali na akajenga soko. Mwaka 1906 akaupa umma kiwanja cha yapata ekari tano kiwe bustani, na ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa mwaka huohuo na mwanawe malkia, Duke wa Connaught. Hiyo sanamu inaeleza mengi. Jeevanjee wa wakati ule aliiamini dola ya Uingereza. Aliamini kwamba raia wa Mfalme ni raia wa Mfalme, awe amezaliwa London au Karachi, na kwamba akitoa mali yake na utii wake atapewa haki sawa.

Kabla ya hapo alikuwa ameanzisha gazeti, na kisa hiki hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Mwaka 1902, pale Mombasa, alianzisha gazeti la kila wiki kwa jina African Standard, akamwajiri mhariri Mwingereza. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu wawili. Wakalibadilisha jina kuwa East African Standard, baadaye wakalihamishia Nairobi, na gazeti hilo likawa sauti ya walowezi. Miaka yote ambayo Jeevanjee alikuwa akidai haki za Wahindi, moja ya silaha zilizompiga kwa bidii ni hilo gazeti alilolizaa mwenyewe. Ni lilelile tunalolijua leo kama The Standard. Sisi tunaoandika kwenye tovuti za mitaa yetu tunalalamika kila siku kwamba Pwani haina vyombo vya habari vya kitaifa. Kilikuwepo kimoja, kilianzia kwetu, na kikauzwa ndani ya miaka 3.

Sasa tuje kwenye ardhi.

Serikali ya kikoloni iliamua mapema kwamba nyanda za juu, kuanzia karibu na Nairobi kupanda Kiambu, Thika na kuvuka Bonde la Ufa, ni za Wazungu. Mwaka 1906, na tena 1908, Waziri wa Makoloni kule London, Lord Elgin, aliandika kwamba si vyema Wahindi wapewe ardhi huko. Aliivika amri hiyo nguo ya urahisi wa utawala. Haikuwa sheria yenye kutaja rangi waziwazi, bali maelekezo kwa maofisa, na maofisa waliyaelewa vizuri sana.

Ukitaka kuona maana yake, simama Ruiru uelekee Thika. Katikati unapita Juja. Hapo William Northrup McMillan, mzaliwa wa Marekani, alijipatia shamba kubwa ambalo Rais mstaafu Theodore Roosevelt alifikia mwaka 1909 akija kuwinda. McMillan amezikwa Ol Donyo Sabuk, ule mlima unaoonekana ukiwa Thika siku isiyo na mawingu. Hakuzaliwa raia wa Uingereza. Jeevanjee alizaliwa chini ya bendera ya Uingereza, akawalisha wajenzi wa reli ya Uingereza, akawapa bustani yenye sanamu ya malkia wao. Mmarekani akapata Juja. Mtu wa Karachi na watu wake wakaambiwa wabaki na maduka mjini.

Na ndivyo ilivyokuwa. Thika ilipoanza kuwa mji, hasa baada ya tawi la reli kutoka Nairobi kufika mwaka 1913, mgawanyo ulikuwa umekwisha kuchorwa. Mzungu yuko shambani. Mhindi yuko dukani, anauza vitambaa, sukari, mafuta ya taa na majembe. Mwafrika ni kibarua kwenye shamba ambalo huenda lilikuwa la babu yake. Hoteli ya Blue Posts pale kwenye maporomoko ya maji, iliyofunguliwa 1908, ilikuwa ya Wazungu kupumzikia wakipita. Ukizitembea barabara za zamani za mji wa Thika bado utaona yale majengo ya Kihindi yenye duka chini na makazi juu au nyuma, na ukitoka nje ya mji hatua chache mashamba yanaanza. Watu hudhani Wahindi walipenda kurundikana mjini kwa sababu ndivyo walivyo. Wengine walipenda, ndiyo. Lakini hata ambaye hakupenda hakuwa na kwingine.

Mwaka 1909 gavana alimteua Jeevanjee kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, lililokuwa na umri wa miaka miwili tu. Alikuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi mle. Leo tunaliona jambo hilo kama ushindi, na vitabu vya historia vinalitaja kwa fahari. Yeye mwenyewe hakukaa sana. Alikuwa mmoja kati ya Wazungu watupu, kura yake haikuweza kuzuia chochote, na aligundua haraka kwamba alikuwa pambo. Alipoondoka, miaka ilipita bila Mhindi kuketi pale.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimwite mwanasiasa, si tajiri mwenye cheo tu. Mwaka 1910 alikwenda London na kuyaanika mambo ya Afrika Mashariki kwenye magazeti ya huko. Alieleza ubaguzi wa ardhi, na kwamba mashauri ya Wahindi hayakuamuliwa kwa haki ileile wanayopata Wazungu. Alitafuta msaada kwa viongozi wa Muslim League waliokuwa London. Mwaka 1912 akachapisha Bombay kijitabu cha kuwaombea haki Wahindi wa Afrika Mashariki. Walowezi wa Nairobi walipandwa na hasira, kwa maana mtu waliyemzoea kama mkandarasi wao alikuwa amewaruka na kwenda kusema kwa wakubwa wao.

Na hapa ndipo ninapogombana naye. Katika madai yake ya miaka hiyo alipendekeza kwamba nchi hii iunganishwe na dola ya India, iwe kama jimbo lake. Hoja yake ilikuwa kwamba Wahindi walifanya biashara pwani hii kabla ya Mwingereza kufika, na kwamba ni jasho lao lililojenga reli. Kuhusu biashara alisema kweli, na mtu yeyote wa Mombasa, Lamu au Unguja anajua. Lakini katika hesabu hiyo yuko wapi Mkikuyu wa Kiambu aliyenyang'anywa shamba? Yuko wapi Mmaasai aliyekuwa akilisha ng'ombe kwenye mbuga za Athi? Yuko wapi Mmijikenda? Jeevanjee aliigombania keki ile kwa ujasiri, ila hakuuliza keki ni ya nani. Aliona dhuluma moja waziwazi, ile iliyompata yeye na watu wake, na iliyo kubwa zaidi akapita karibu nayo kama vile tunavyopita Kiandutu tukielekea kazini.

Nimesikia watu wakimtetea kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Sawa. Lakini ndani ya zama zilezile walikuwepo Wahindi walioona mbali zaidi. M. A. Desai, mhariri wa gazeti la East African Chronicle, alimsaidia Harry Thuku miaka ya 1921 na 1922 kuchapisha malalamiko ya Waafrika. Thuku alikuwa mzaliwa wa Kambui, huko huko Kiambu. Alipokamatwa Machi 1922, watu walikusanyika Nairobi kudai aachiliwe, wakapigwa risasi na zaidi ya 20 wakafa. Thuku mwenyewe akapelekwa uhamishoni Kismayu. Desai na wenzake walikuwa vijana wa Jeevanjee kisiasa, walikua ndani ya vyama alivyovilea, na walikwenda mahali ambapo mzee wao hakuwa amekwenda.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1914 Wahindi wa Afrika Mashariki waliunda kongresi yao mjini Mombasa, na Jeevanjee akawa rais wake wa kwanza. Kwa hiyo mji wetu ndiko kilikozaliwa chombo kilichopambana na serikali kwa miaka mingi kuhusu kura na ardhi. Mwaka uliofuata sheria mpya ya ardhi ikawapa walowezi mikataba ya miaka 999 na kumpa gavana uwezo wa kuzuia shamba la Mzungu lisiuzwe kwa mtu wa rangi nyingine. Lililokuwa maelekezo ya Elgin sasa lilikuwa na meno.

Kilele kilikuwa 1923. Walowezi walitishia kuasi, hata kulikuwa na njama za kumteka gavana, wakihofia Wahindi wangepewa kura sawa nao. Pande zote zikaitwa London. Jeevanjee, akiwa na miaka 67, alikuwa kwenye ujumbe wa Wahindi. Julai mwaka huo ukatoka Waraka wa Devonshire, na kila aliyekwenda alirudi na kitu asichokitarajia. Walowezi hawakupewa serikali yao. Wahindi walipewa viti 5 kwa orodha yao wenyewe ya wapiga kura, wakaondolewa ubaguzi wa mitaa mijini, lakini nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Juu ya yote, Waraka ukatamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kutangulizwa yanapogongana na ya wageni.

Waingereza hawakuyasema hayo kwa kumpenda Mwafrika. Waliyasema ili wapate njia ya kuwanyima Wahindi bila kuwapa walowezi kila kitu, na mashamba ya Ruiru na Thika hayakurudishwa kwa mtu. Lakini neno likishaandikwa huwa na maisha yake. Wanasiasa wa Kiafrika wa miaka iliyofuata walilishika neno hilo na kulirudisha kwa serikali kila ilipolisahau. Ni ajabu kwamba madai ya Jeevanjee kwa ajili ya watu wake yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoilazimisha Uingereza kuliandika jambo ambalo yeye hakuwa amelidai.

Alifariki Nairobi mwaka 1936, akiwa na miaka 80, utajiri wake ukiwa umepungua sana. Miaka 3 baadaye mipaka ya nyanda za Wazungu ikachorwa kisheria rasmi, mtaa kwa mtaa, mto kwa mto. Kwa maana nyingine alikufa akiwa ameshindwa.

Baada ya uhuru jina lake lilisahaulika kwa haraka. Wahindi walipewa miaka miwili kuchagua uraia, wengi wakasitasita, na mwaka 1967 ikaja sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo makuu ya miji mikubwa. Maduka mengi ya miji midogo yakabadilisha wenyewe. Wengine walikwenda Uingereza, wengine Kanada, na waliobaki wakajifunza kutosema sana. Nafasi ya Wahindi katika siasa za nchi, ambayo Jeevanjee aliifungua kwa kelele, ilifungwa kimya kimya.

Aliyemrudisha ni mjukuu wake. Mwaka 1991, serikali ya KANU ikiwa na nguvu zake zote, kulikuwa na mpango wa kujenga maegesho ya magari na maduka kwenye bustani ya Jeevanjee. Zarina Patel alikusanya sahihi, akawaandikia wakubwa, akaungwa mkono na Wangari Maathai, aliyekuwa ametoka kuiokoa Uhuru Park. Mpango ukafa. Baadaye Zarina akaandika kitabu kizima kuhusu babu yake, na hakumficha makosa yake. Nami ninayemsoma kutoka huku Thika namshukuru kwa hilo.

Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wapo waliocheka. Mimi nilifikiria ndugu zetu wa Kilifi na Malindi, ambao hakuna aliyewahi kutilia shaka kabila lao, na bado wanaitwa maskwota kwenye ardhi ya mababu zao. Sheria ya hatimiliki ya pwani ilitungwa mwaka uleule wa 1908 ambao Elgin aliandika barua yake ya pili. Aliyejua kusoma tangazo na kufika mbele ya ofisa na madai yake alipata cheti, na shamba la asiyejua likawa la Mfalme. Miongoni mwa waliojua walikuwemo Waislamu wenzangu, Waarabu na Wahindi, na hadi leo mazungumzo ya ardhi Pwani hukwama hapo, kwa sababu kila jamii inakumbuka vizuri mahali ilipodhulumiwa na inasahau mahali iliponufaika.

Mpaka wa rangi kwenye nyanda za juu uliondolewa kisheria mwaka 1960, miaka 24 baada ya Jeevanjee kufariki. Leo mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamekatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, na vibao vya wauzaji vimejaa kando ya barabara kuu. Ananunua Mkikuyu, Msomali, Mhindi, hata Mpwani mwenye mkopo wa sako. Wajukuu wa waliokuwa wakichuma kahawa kwenye mashamba hayohayo wengi wao wamepanga vyumba.